Baba amestaafu Leicester, mimi nipo Wete: nimfate kwa viza gani?

Wiki hii nna barua tatu zinazofanana, za watoto wanaotaka kuwafata wazazi wao ng'ambo. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa, mana niliposoma ile sehemu ya simu ya baba yake nilishindwa kuendelea, nikaiweka chini, nikaenda kutia maji ya chai, kisha ndo nikarudi kuimaliza.

*Assalamu alaykum. Mimi ni mwanamke wa miaka 28, nimezaliwa Machi 1997, ni mwalimu wa skuli hapa Wete na sijaolewa. Baba angu aliondoka Pemba 2001 baada ya yale machafuko ya kisiasa ya Januari, akapitia Shimoni, Kenya, mwisho akafika Uingereza na mpaka leo yuko Leicester. Pasipoti ya kule kaipata 2011. Alikuwa anafanya kazi ya ghala usiku mpaka alipostaafu, saivi ana miaka 69, magoti yanamsumbua na presha anayo, anakaa kwenye flati peke yake. Mama alifariki 2019. Mwaka 2012 baba alitaka kunichukua, bibi akasema mwacheni kwanza amalize Fomu Foo, nikamaliza na jambo lenyewe likapita. Sasa kila akipiga simu ananambia mwanangu njoo, hata kama ni kunifungia vifungo vya shati. Kuna ejenti hapa kisiwani kanambia ipo viza ya mzazi mstaafu, kwamba mzazi akishaanza kula penshen anaruhusiwa kumvuta mtoto mkubwa mmoja. Anataka milioni sita, nishampa moja na nusu. Ipo kweli? Na kama haipo nifanye nini?*

Wa alaykum salaam mwanangu. Nianze na la pesa kwa sababu kila siku inayopita ni khasara: viza hiyo haipo. Si kwamba ni ngumu, haipo kabisa, hata jina. Zamani Uingereza ilikuwa na njia ya wastaafu wenye mali zao, lakini hiyo ilikuwa ya mstaafu mwenyewe kuhamia kule na si ya kumvuta mtoto, na wameifunga tangu 2008. Kwa hiyo huyo mtu usimpe hata shilingi nyengine, mwambie akuandikie risiti ya ile moja na nusu, akikataa nenda polisi na meseji zake ulizonazo kwenye simu, usizifute. Na la muhimu kuliko pesa, kama umempa pasipoti yako au kopi ya vyeti kavichukue leo, mana akipeleka ombi kwa jina lako na ndani yake katia barua ya benki ya kughushi, atakaehukumiwa ni wewe. Uingereza wakikukamata na uongo kwenye ombi wanaweza kukufungia mlango miaka 10, na kusema sikujua, ejenti ndo kafanya, huwa hakusaidii.

Sasa tuje kwenye sheria yenyewe, na ntakueleza taratibu ili uweze kumuelezea na mzee.

Kwa Uingereza mtoto ni mtu wa chini ya miaka 18. Siku unayotuma ombi ukiwa hujafika 18 wewe ni mtoto wa mtu, ukishafika ni mtu mzima unaejitegemea, hata kama unakaa kwa bibi yako na hujaolewa na chakula chako kinatoka kwa baba. Sisi huku mtoto wa kike hata awe na 40 kama hajaolewa yuko chini ya baba ake, kule hesabu ni tarehe ya kuzaliwa tu. Najua utakuwa unajiambia laiti bibi asingenizuia mwaka ule. Mwanangu, usimbebeshe bibi mzigo huo. Mwaka 2012 mama ako alikuwa hai na yuko Pemba, na mzazi mmoja akiwa Uingereza na mwengine yuko nyumbani sheria inamtaka yule wa kule athibitishe kuwa ni yeye peke yake mwenye dhamana ya mtoto, yani skuli, matibabu, maamuzi yote ni yake. Mama alokuwa anakulea kila siku angekuwa ndo sababu ya kukataliwa. Kesi nyingi za Wazanzibari zilianguka hapohapo.

Kabla sijaendelea, kuna swali nawauliza wote wanaoniandikia, na wewe nimekupigia hesabu mwenyewe: baba alipata uraia wa Uingereza kabla hujazaliwa au baada? Wako ni baada, 2011 ulikuwa na miaka 14, basi hapo hakuna kitu. Lakini msomaji mwengine anaesoma barua hii na baba ake alipewa uraia kule, tuseme 1994, kisha akaja kuoa Chake na mtoto akazaliwa 1997 kwenye ndoa, huyo mtoto hahitaji viza, yeye ni Muingereza tangu siku alozaliwa na anachotakiwa ni kuomba pasipoti tu, akiwa na cheti chake cha kuzaliwa, cheti cha ndoa ya wazee na cheti cha uraia cha baba. Kwa walozaliwa kabla ya tarehe 1 Julai 2006 hiyo ndoa ni sharti la uraia kuja wenyewe kupitia baba, na walozaliwa nje ya ndoa wana njia yao ya kusajiliwa. Nimewaona watu wanahangaika na ejenti miaka mitatu kumbe haki yao imo kwenye sanduku la baba. Ila mjue pia kwamba Tanzania haikubali mtu mzima awe na uraia wa nchi mbili, kwa hiyo kabla ya kuichukua hiyo pasipoti kaeni muulizane juu ya kazi, ardhi na mambo yenu ya huku.

Haya, turudi kwako. Njia ya jamaa mtu mzima ipo, inaitwa ya ndugu mkubwa anaetegemea, na huenda ejenti wako aliisikia nusunusu akaitengenezea jina. Lakini angalia inavosema: anaeomba, yani wewe ulioko Wete, ndo uwe huwezi kujifanyia mambo ya kila siku, kuoga, kuvaa, kupika, kwa sababu ya uzee au maradhi au ulemavu, na uangalizi huo uwe haupatikani huku au haununuliki hata kwa pesa ya baba ako. Ada yake inapita pauni 3,000 na wakikukataa hairudi. Imekazwa namna hii tangu Julai 2012. Wewe ni mzima alhamdulillah, unasomesha darasa la watoto, na anaehitaji kufungwa vifungo ni yeye. Kwa yeye, hakuna viza ya kwenda kumlea mzazi. Hilo ndo linaloniuma mana ndo ombi la watu wengi wa umri wako: wazee walokwenda wakiwa na nguvu sasa wamezeeka wote kwa pamoja, na watoto wamebaki huku.

Wapo watakaokwambia nenda kwa njia ya haki za binadamu, haki ya maisha ya familia. Ipo, lakini kwa watu wazima mahakama inataka uthibitishe utegemezi uliozidi mapenzi ya kawaida ya mtu na mzazi wake. Mzee akitaka kuijaribu amtafute mshauri alosajiliwa na Immigration Advice Authority, ile ilokuwa ikiitwa OISC, kule kutoa ushauri wa uhamiaji bila ya usajili ni kosa la jinai, na awe mkweli kwake juu ya kila kitu.

Kinachobaki ni milango ya jina lako mwenyewe, si ya jina la baba. Mimi naiona mitatu, na mmoja tu ndo ningekusukuma uuendee.

Wa kazi nautaja haraka. Ile viza ya walezi wa wazee walokwendea watu wengi imefungwa kwa waombaji wapya walioko nje tangu tarehe 22 Julai 2025, na siku hiyohiyo mshahara wa viza ya kazi ya kawaida wakaupandisha ukawa pauni 41,700 kwa mwaka na kazi yenyewe iwe ya kiwango cha shahada. Mtu akikwambia saivi anakupeleka ukawe kea, anakudanganya kama huyo mwenzake.

Wa pili ni matembezi, na huu ndo wa kuanzia. Viza ya matembezi ni miezi sita, ada yake inapita kidogo pauni 100, fomu unajaza mwenyewe onlaini na alama za vidole unapeleka Dar es Salaam, kwa kawaida jibu wiki tatu. Unaweza kwenda kumuangalia baba, kukaa nae, kumpeleka kwa daktari, kumpikia. Huwezi kufanya kazi, na huwezi kuifanya iwe makaazi, yani unatoka unarudi unatoka unarudi, afisa akiona hivo anakukatalia. Tumia likizo zako za skuli.

Wengi wanakataliwa hapa si kwa sababu ni wabaya bali karatasi zao zinasema kitu chengine. Nakwambia mambo mawili nliyoyaona kwa macho yangu. La kwanza majina. Nlikaa na kijana mmoja barazani, kafungua bahasha, baba ake pasipoti ya Uingereza imeandikwa, tuseme, Ali Hamad Faki, na yeye ni Zuberi Ali Hamad. Kwetu hapo hakuna kasoro, kila mtu kachukua jina lake, la baba na la babu. Lakini kule jina la mwisho ndo la ukoo, afisa anaona Faki na Hamad, anajiuliza huyu mtoto wa nani? Na cheti cha kuzaliwa kilichokuwa mkononi, kile cha zamani cha kuandikwa kwa kalamu, kimeandikwa Ally kwa y, na Hamadi mwishoni ina i. Tofauti tatu kwenye karatasi mbili! Kwa hiyo kachukue cheti kipya kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, kama kuna herufi imekosewa waombe wasahihishe kabla hujajaza fomu, na kwenye barua ya maelezo weka mistari miwili tu unaeleza jinsi Wazanzibari wanavoitana. Yule kijana alifanya hivo akapita.

La pili pesa. Watu wa Pemba wengi pesa yao ni ya msimu, karafuu, na wewe najua mshahara wa ualimu unao lakini pengine na mikarafuu ya bibi ipo. Benki stetimenti inakuwa imelala miezi, kisha ghafla inaingia milioni nne, wiki mbili baadae mtu anaomba viza. Afisa anasema pesa hii kakopeshwa aje kunionesha. Kumbe kauza karafuu zake ZSTC, lile shirika la serikali ya Zanzibar linalonunua karafuu, halali kabisa. Basi zile risiti za ZSTC usizitupe, ziambatanishe, karatasi ile ndogo inaeleza pesa imetoka wapi na vilevile inaonesha una mali inayokurudisha nyumbani. Ongeza barua ya skuli yenye tarehe za likizo na siku ya kuripoti kazini, na hati ya shamba kama ipo kwa jina la familia. Na tarehe yako ya kurudi iendane na likizo, usiombe miezi sita wakati barua ya kazi inasema wiki tano!

Juu ya baba kukusimamia: penshen ya serikali anayolipwa ni haki yake ya kazi alofanya na anaweza kuionesha. Lakini kama anapokea na Pension Credit, yani nyongeza ya serikali kwa wastaafu wa kipato kidogo, au msaada wa kodi ya nyumba, hivo ni vya umma, mtu anaeishi kwa msaada hawezi kuonekana ana uwezo wa kumlisha mgeni miezi. Bora tiketi na matumizi yatoke kwako kadiri unavoweza, yeye aandike barua ya mwaliko na kuonesha chumba utakacholala. Wakikukataa hakuna rufaa kwenye matembezi, ila unaweza kuomba tena ukishatengeneza ile kasoro walokuandikia, usiombe tena na karatasi zilezile.

Mlango wa tatu ni masomo, na huu ndo ninaokusukuma. Umri wako na kazi yako ni mtaji. Kama shahada unayo na umefanya kazi miaka miwili au zaidi, kuna skolashipu za Chevening ambazo serikali ya Uingereza inatoa kwa Watanzania kila mwaka, maombi hufunguliwa Agosti, wanalipa ada ya masta ya mwaka mmoja, tiketi na posho ya kuishi. Zipo pia za Jumuiya ya Madola. Mwaka mzima unasoma, na unaruhusiwa kuchagua chuo, Leicester yenyewe ina vyuo vikuu viwili. Jumapili unampikia mzee uji, unamfua, unaondoka Jumatatu na kitabu chako. Chevening wanakutaka urudi nyumbani miaka miwili baada ya kumaliza, na ajira yako ukiomba ruhusa ya masomo mapema unaikuta. Ukisema ujilipie, uwe tayari: ada ya mwanafunzi wa nje ya masta mara nyingi inapita pauni 15,000, kisha wanataka uoneshe pesa ya kuishi zaidi ya pauni 1,100 kwa kila mwezi kwa miezi tisa ukiwa nje ya London, imelala benki siku 28 mfululizo bila kuguswa, na ada ya afya pauni 776 kwa mwaka. Hiyo pesa inaruhusiwa iwe kwenye akaunti ya mzazi kwa sharti uwe na cheti cha kuzaliwa kinachomtaja na barua yake, na unaona tena hapo yale majina yanavorudi. Kazi ni saa 20 kwa wiki wakati wa masomo.

Kuna jambo jengine sikulisoma kwenye barua yako lakini naona lazima niliseme. Kwa nini asije yeye? Nisikilize kabla hujakasirika. Ulivoandika ni kama safari ni ya upande mmoja tu. Baba ako ni mzaliwa wa Pemba, goti linaloumia Leicester kwenye baridi na ngazi, Wete kuna jua na wajukuu wa jirani wa kutumwa dukani. Penshen yake ya serikali inamfuata popote, hata Pemba, ila huku haipandi, kila mwaka wenzake wanaongezewa yeye inabaki palepale alipoondokea, kwa sababu Uingereza haina mkataba na Tanzania juu ya hilo. Pension Credit ndo inakatika, hata akija matembezi tu ikizidi wiki nne inasimama, na wazee wengi hawajui, wanarudi kule wanakuta deni. Matibabu ya bure nayo ni ya wanaoishi kule. Kwa hiyo isiwe uamuzi wa ghafla.

Mwambie kwanza aje majira ya baridi, wiki nne zisizidi. Atahitaji viza ya Tanzania, dola 50, na bima ya Zanzibar ya dola 44 ambayo tangu Oktoba 2024 kila mgeni anailipa, nae kwa pasipoti yake ni mgeni, jambo ambalo najua litamuuma pale kiwanja cha ndege, mtayarishe. Akiona anapaweza ndo muende Uhamiaji kuuliza kibali cha ukaazi cha daraja C, ndo hicho kinachowapokea wastaafu. Wewe ukaenda likizo ya Juni, yeye akaja Disemba, na katikati unaandika maombi ya Chevening. Miaka miwili hivo si kidogo kwa mtu wa miaka 69. Na nambie Agosti ikifika kama umeanza, nna wasomaji wawili walioipata watakusomea insha zako.

---

*Mimi nipo Chake Chake, mama yuko London, nna viza ya matembezi ya miezi sita nimeshaipata. Rafiki yangu anasema nikishaingia nisirudi, nitafute wakili nikiwa ndani. Kweli?*

Usifanye hivo mdogo wangu. Viza ya matembezi haibadilishwi ukiwa ndani kuwa ya kazi wala ya masomo, na ile ya ndugu anaetegemea lazma uombe ukiwa nje. Ukizidisha zaidi ya siku 30 kisha ukaondoka mwenyewe kwa tiketi yako, unafungiwa mwaka mzima, ukiondoshwa na serikali inakuwa miaka mingi zaidi. Na huo mwaka si kitu ukilinganisha na maisha ya mtu asokuwa na karatasi, hana kazi halali, hana chumba cha kukodi kwa jina lake, akiugua anaogopa hospitali, na mama ake akifariki kisha akaletwa kuzikwa huku hawezi kumsindikiza. Hilo la mwisho nimelishuhudia kwenye familia yetu, tulimpigia simu ya picha akiona jeneza linatoka, na sauti yake ile usiku haijanitoka. Nenda, kaa na mama, piga picha, rudi kabla ya tarehe. Ombi lako la pili litakuwa jepesi kuliko hili.

---

*Salaam. Mimi kijana wa Kikwajuni, miaka 24, nafanya kazi risepsheni hoteli moja Nungwi. Mama alikwenda Toronto 2008 akaomba hifadhi akapata, sasa ni raia wa Kanada, ana miaka 67, mjane, kastaafu. Hana mtoto mwengine. Ndugu zake wote wako Unguja. Naweza kuungana nae?*

Kijana wangu, Kanada wana roho nyengine kidogo na wewe huenda una bahati ambayo hujaambiwa.

Mtoto kwa Kanada ni chini ya miaka 22 na hajaoa, hiyo ni tangu Oktoba 2017, kabla yake ilikuwa chini ya 19. Wa zaidi ya hapo anahesabiwa mtoto ikiwa tu hawezi kujitegemea kwa sababu ya mwili au akili na hali hiyo ilianza kabla ya 22. Wewe 24 na unafanya kazi, basi kwa mlango wa mtoto umeshapitwa.

Lakini kuna kifungu cha mtu alobaki peke yake. Raia au mkaazi wa kudumu ambae hana mume, hana mzazi wala bibi na babu walio hai, hana mtoto anaeweza kumleta kwa njia ya kawaida, na kule Kanada hana mtoto, ndugu, mpwa, shangazi, mjomba wala ami mwenye uraia au ukaazi wa kudumu, anaruhusiwa kumdhamini jamaa mmoja wa damu wa umri wowote. Mmoja tu. Mjane anaweza kumleta mtoto wake mkubwa kwa kifungu hichi. Binamu hahesabiki, akiwa nao Toronto hawaharibu. Kwa hiyo mpigie mama usiku huu, muulize mmojammoja: bibi mzaa mama yuko hai? Kuna mpwa wake yeyote alopata karatasi kule Kanada, hata asoongea nae? Akiwepo mmoja, kifungu kinafungwa.

Kisha muulize swali gumu kuliko yote, na muulize kwa upole: alipojaza fomu zake za ukaazi aliandika jina lako? Mtoto asotajwa siku ile, hata kama hakuwa anasafiri nae, anatolewa kwenye kudhaminiwa kwa familia, na kifungu hichi kimo humohumo. Akinamama wengi walikwenda bila watoto waliambiwa na watu njiani usiseme una mtoto utakataliwa, wakafuata kwa khofu. Ikiwa hakukutaja usimnyanyulie sauti, hapo anatafutwa wakili wa Kanada aombe kwa sababu za ubinadamu, na inawezekana.

Kipato chake kiangaliwe pia, kwa jamaa wa namna hii anatakiwa afike kiwango cha mapato kinachowekwa kila mwaka, asiwe anakula msaada wa jamii usokuwa wa ulemavu, na anatia saini ya kukubeba miaka 10. Penshen ya kazi inahesabiwa.

Wakati mnayatafuta hayo usikae bure. Kwenye Express Entry, ile njia ya Kanada ya kuchagua wafanyakazi wenye ujuzi kwa pointi, mama hakupi pointi kwenye ile orodha kubwa ya kupanga watu, kaka au dada anatoa 15 lakini mzazi hapana. Anakupa 5 kwenye mtihani mdogo wa mwanzo wa kufuzu. Tatizo lako ni kazi, risepsheni ya hoteli iko daraja la chini ya linalokubaliwa, kwa hiyo ukipata nafasi ya kupanda cheo hapo Nungwi au kusoma diploma, panda. Na ukiambiwa juu ya supa viza jua ni ya mzazi kwenda kwa mtoto alioko Kanada, si ya mtoto kwenda kwa mzazi. Uongo kwenye ombi la Kanada ni miaka mitano nje.

Niandikie majibu ya mama. Na ukizungumza nae, kalamu na karatasi iwe karibu, andika majina ya ndugu zake wote, walio hai na walokufa, na tarehe, mana fomu itayataka yote na yeye ndo peke yake anaeyakumbuka.